Tupeane uzoefu: Riwaya za kusisimua kwa njia ya sauti, bila kuona haya

Mleta mada:
Habari za wakati huu, ndugu wanajukwaa. Nilisoma fasihi chuoni, ambako riwaya za upelelezi ziliwekwa kwenye fungu la "riwaya pendwa" na kupewa mhadhara mmoja wa harakaharaka, ilhali wengi wetu tulianza kuonja raha ya kusoma kupitia visa vya Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, vilivyopita mkono kwa mkono hadi majalada yakachanika. Siku hizi nasikiliza simulizi za kijasusi huku nikipiga pasi, wala sioni haya. Naomba nanyi mtueleze mnasikilizia wapi, na ni kitu gani hasa kinachowanasa.

Mchangiaji, Mombasa:
Mimi ni fundi cherehani. Macho na mikono ina kazi, masikio yana nafasi. Wanaozidharau simulizi hizi hawajui kwamba msikilizaji hana namna ya kuchungulia ukurasa wa mwisho: msimulizi hodari akishusha sauti pale kitasa kinapozungushwa taratibu, huna la kufanya ila kumsubiri. Juzi nilisimamisha cherehani katikati ya ukosi wa shati, kwa kuwa mlio wake ulikuwa umelifunika jina la msaliti, nikarudisha nyuma ili nilisikie vizuri. Mteja aliyekuwa akisubiri kwenye benchi akaniomba nichomoe waya wa masikioni ili naye asikie.

Mchangiaji, Dodoma:
Ni mwalimu mstaafu, na presha ya macho imeninyima maandishi madogo. Wapo wanaoniambia kwamba kusikiliza si kusoma, tena hadithi zenyewe ni za bastola. Nawakumbusha kwamba Uingereza ilipoanza kuwapatia wasioona vitabu vya sauti mwaka 1935, wakiwemo askari waliopofuka katika Vita vya Kwanza vya Dunia, miongoni mwa vitabu vya mwanzo kabisa kilikuwamo kisa cha mauaji cha Agatha Christie, kilichorekodiwa kwenye santuri. Askari wale hawakuambiwa wamalize falsafa kwanza ndipo wapewe mauaji.

Mchangiaji, Nairobi:
Naunga mkono, ila kuacha majivuno si kumeza kila kitu. Yapo masimulizi ambamo jambazi, mjane na mkuu wa polisi wote wana sauti moja, na mengine yana muziki wa kutisha unaoyameza maneno yenyewe, na hayo huyafuta bila huruma. Kipimo changu ni matatu ya jioni: nikipitiliza steji yangu, simulizi ni nzuri, hata kama njama yake haiingii akilini ukiitafakari kesho yake.

Mleta mada:
Mwalimu, shikamoo, na ahsante kwa hoja hiyo ya santuri. Fundi, nakusihi jina la msaliti usilitaje hapa, maana nashuku tunasikiliza simulizi moja, nami ndiyo kwanza niko sehemu ya tatu.