Mrejesho: TSH 11, na sasa kingamwili zimepimwa

Wadau, mwezi jana niliuliza kwa nini daktari anataka kunipima kingamwili (askari wa kinga ya mwili) ilhali TSH, homoni inayoiamrisha tezi ya shingoni ifanye kazi, imeshaonyesha 11, yaani iko juu kwa sababu tezi yangu imelegea. Niliona ni kuniongezea gharama tu. Majibu yametoka: kingamwili za TPO ziko juu mno.

Daktari alichora kipepeo nyuma ya karatasi ya maabara, ndiyo tezi yenyewe ya shingoni. TPO ni kimeng'enya ambacho tezi hutumia kuunganisha madini joto hadi homoni ipatikane. Kinga yangu imekifanya adui. Ugonjwa huu unaitwa Hashimoto, jina la Mjapani aliyeueleza mwaka 1912. Kwa hiyo yule aliyenishauri niongeze chumvi, asante, lakini hapana: chumvi ya dukani Kenya tayari ina madini joto, na yakizidi yanaweza kuichokoza tezi zaidi.

Dada yangu ana Graves, ugonjwa mwingine wa tezi hiyo hiyo, nikadhani tunaugua kitu kimoja. Kumbe kingamwili zake hushika kipokezi cha TSH na kuiamrisha tezi ifanye kazi bila kupumzika. Yeye anakonda, moyo unamwenda mbio. Mimi nanenepa na kuvaa sweta ndani ya matatu iliyojaa pomoni.

Nimeanza levothairoksini, kidonge cha homoni ya tezi, alfajiri, kwa maji matupu, kisha nasubiri nusu saa kabla ya chai ya maziwa. Hiyo nusu saa, jamani! TSH inarudiwa baada ya wiki 6. Kingamwili hazirudiwi, maana dozi hufuata TSH. Mfuko wangu umeshukuru.