Tupeane uzoefu: kalamu nyekundu ya msimamizi

Mwanzisha mada: Wakuu, nimepekua boksi la vitabu nikakutana na sura ya pili ya tasnifu yangu, ile ya kwanza kurudishwa. Ukurasa mmoja "ambayo" kumi na saba, zote zimezungushiwa, pembeni kaandika: "Msomaji apumue wapi?" Wenzangu yaliwakuta yapi?

Kijukuu: Mimi "aliweza". "Mtafiti aliweza kuhoji wazee." Akaniuliza: alihoji, au uwezo tu ndio alikuwa nao? Tangu hapo naandika "alihoji", basi.

Mama Wawili: Hata mimi. Na "katika shuleni".

Mnazi Mkinda: Yangu bado inaniuma. Nilichambua ngano za kwetu. Msimamizi akasema nisiandike "juu ya" nikimaanisha "kuhusu". Kesho yake nakabidhi, nikaiamuru kompyuta ibadilishe zote kwa mkupuo. Saa nne usiku niko stesheneri, boom (hela ya mkopo wa chuo) limeishia kwenye uchapaji, naokota karatasi bado ya moto: "Mwewe akatua kuhusu paa." Inayofuata: "Nyani alikaa kuhusu mti." Miguu ikaniisha nguvu. Kaka wa stesheneri akanisogezea kiti, nikasoma kurasa zote kwa sauti mpaka adhana ya alfajiri.

Kijukuu: Mwewe kuhusu paa! Pole sana ndugu yangu.

Bin Pwani: Msimamizi ndiye aliyekosea. "Kuzungumza juu ya jambo" wazee wetu wanasema tangu enzi.

Mwalimu Mstaafu: Barazani sawa, mwanangu. Kwenye tasnifu neno moja likibeba maana mbili, msomaji anakwama.

Bin Pwani: Shikamoo mwalimu, lakini Kiswahili hakikuzaliwa chuoni.

Mama Wawili: Mkimaliza, nisaidieni: data hii au data hizi?

Kijukuu: Hizi.

Mwalimu Mstaafu: Marahaba Bin Pwani. Mama, ngeli ni I-/ZI-, zote zipo. Ukianza na "hizi", usije ukaandika "data inaonyesha" sura ya nne.

Kijukuu: Dawa ni kusahihisha kila sentensi kabla ya kuandika nyingine.

Mwanzisha mada: Hapana, hivyo nilikaa wiki tatu kwenye utangulizi! Andika yote, lala, kesho usome kwa sauti.

Mama Wawili: Mnazi, kuchapa upya ulilipa kiasi gani?

Mnazi Mkinda: Kurasa 41 alizirudia, hakunitoza hata senti. Kaka, kama umo humu, Mungu akuzidishie.