Saksafoni ya klasiki: inaweza kunilisha hapa Kampala?

MtotoWaNsambya: Wakuu, salamu. Nimekulia kambi ya polisi Nsambya, na mzee wangu ni afande wa bendi. Yeye ndiye aliyenifunza saksafoni alto. Gredi ya 8 ya ABRSM (bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza) nimepita, sasa nataka niendelee na klasiki: watunzi kama Glazunov, Ibert na wengine. Kutunga pia napenda. Mzee anasema hiyo haina soko, nipige harusi. Kweli hapa ukitaja saksafoni mtu anamfikiria Isaiah Katumwa na jazi yake tu. Nishaurini.

Boda_Jinja: Harusi zipo kila Jumamosi. Glazunov analipa lini? Sikiliza mzee.

MwalimuNoti: Mdogo wangu, usimjibu huyo. Ila ujue hata Ulaya hali si tofauti sana. Adolphe Sax, aliyeibuni saksafoni, alipata hataza yake Paris mwaka 1846, okestra zikiwa zimeshajipanga bila ala yake. Mpaka leo saksafoni huko ni mgeni mwalikwa: inapigwa kwenye Boléro, kazi ya okestra ya Ravel, kisha inasubiri mwaliko mwingine. Ndiyo maana wapigaji wake wengi wanafundisha, wanapiga kwenye kwarteti (kundi la wapigaji wanne) na wanatunga. Huwezi kuchagua moja.

Na mwambie afande hivi: Marcel Mule, aliyeanza kufundisha saksafoni konsavatori (chuo cha muziki) ya Paris mwaka 1942, alitokea bendi ya Garde Républicaine. Hao ni askari kama yeye! Glazunov naye aliandika konchato yake (kazi ya saksafoni moja na okestra) mwaka 1934 kwa ajili ya mpigaji, Sigurd Raschèr, aliyemfuata na kumwomba.

Kuhusu pesa: jifunze klarineti na filimbi ya Kizungu (fluti), vidole havitakusumbua sana. Shule za kimataifa zinapenda mwalimu mmoja anayeshika ala zote za kupuliza. Pita pia Kampala Music School. Ada dai mwanzo wa muhula, ssebo, wazazi wa Kampala nawajua. Harusi usiziache, ndizo zitakununulia ridi, vile vijiti vya mdomoni.

DadaEntebbe: Kwenye kutunga usiige Paris. Mtunzi Justinian Tamusuza ni wa hapahapa, na Kronos Quartet ya Marekani iliweka kazi yake kwenye albamu ya mwaka 1992. Jaribu saksafoni na amadinda, marimba yetu ya Kiganda. Ila angalia: sauti tano za amadinda zimeachana karibu sawasawa, kwa hiyo haziendani na piano. Saksafoni unaweza kuivuta kwa midomo ikafuata. Kaa kwanza na wapigaji wenyewe, usiandikie chumbani. Kazi zako zisajili UPRS, chama cha haki za watunzi, mapema.

Boda_Jinja: Amadinda harusini hiyo nitalipia mimi 😂

MtotoWaNsambya: Asanteni sana. Ya Mule nimemsomea mzee. Kauliza tu kama alikuwa akipiga saksafoni ya alto au ya tenor.

MwalimuNoti: Alto. Kwenye kwarteti alishika soprano.

MtotoWaNsambya: Anasema basi ni mtu wa maana. Kesho naenda kuuliza bei ya klarineti.