Finland yapunguza fedha za mafunzo ya watu wazima: inajenga au inabomoa?

Msafiri wa Vantaa
Ndugu zangu, naomba tulizungumze hili kwa kina. Tangu serikali ya waziri mkuu Petteri Orpo iingie madarakani Juni 2023, fedha za mtu mzima kurudi darasani zinakatwa vipande vipande. Agosti 2024 walifuta aikuiskoulutustuki, ile posho iliyomwezesha mtu mwenye miaka 8 ya kazi kuomba likizo akasome na watoto bado wakala. Bajeti ya 2025 ikaondoa euro milioni 100 kwenye elimu ya ufundi, na mzigo mkubwa umeangukia wanafunzi watu wazima. Wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya na Eneo la Uchumi la Ulaya walikuwa wakisoma chuo kikuu bure mpaka ada zilipoanza 2017, na sasa sheria inataka kuanzia Agosti 2026 ada hizo zifikie gharama kamili ya masomo. Nchi yenye wazee wengi na vizazi vichache, inayosema kila siku inataka wenye ujuzi. Je, inajenga au inabomoa?

Bwana Hesabu
Inajenga. Nchi ina deni na deni hulipwa kwa kubana. Hiyo posho mnayoililia wengi walioichukua walikuwa tayari na vyeti vyao, wakaongeza kingine. Wachumi wa hukohuko waliwafuatilia, hawakuona mishahara ikipanda. Kuhusu ada, kwa nini kodi ya Mfini imsomeshe mtoto wa mwenzake ambaye siku ya mahafali anakata tiketi ya Ujerumani? Halafu tuambiane ukweli, wengi wetu tukifika kule tunaishia kuosha wazee. Kazi ya kuosha wazee inataka shahada ya nini?

Mama Neema, Espoo
Kuosha wazee? Hayo umemwambia nani, kaka?
Mimi ni lähihoitaja, muuguzi msaidizi, na jina langu limo kwenye rejista ya serikali. Cheti changu ni pointi 180 za masomo, nilizitafuta kwa Kifini na mtoto mgongoni. Nagawa dawa, nadunga insulini, naona kidonda kinapoanza kuharibika kabla daktari hajakiona. Saa tisa usiku nakaa na mtu anayekata roho huku wanawe wako mbali. Wewe uliye na mama mzima, omba Mungu ampate wa kumwosha.

Bwana Hesabu
Dada, sikukutukana. Nimesema kazi ilivyo.

Mama Neema, Espoo
Umesema kazi usivyoijua.

Mwalimu Mstaafu, Tanga
Wanangu, nimesoma toka juu. Neno lenyewe ndilo lililochoma. Mtu aliye hai hukogeshwa. Anayeoshwa ni maiti, na ndiko ilikotoka methali ya mwosha huoshwa. Ukimwambia muuguzi kazi yake ni kuosha wazee, sisi wa pwani tunasikia unamwambia wagonjwa wake wameshakufa.

Kijana wa Eldoret
Mwalimu, heshima yako. Lakini huku kwetu mama anaosha mtoto kila jioni na mtoto yuko hai, analia. Mbona Kiswahili kiwe cha pwani peke yake?

Mwalimu Mstaafu, Tanga
Sikusema ni cha pwani peke yake, mjukuu wangu. Nimesema pwani tunasikia nini.

Kijana wa Eldoret
Sawa basi. Lakini nyinyi mnagombana juu ya sabuni, na sisi wa kaunti ya Uasin Gishu tuna kidonda. 2023 wazazi waliandamana mjini Eldoret kwa sababu walilipa karo kupitia mpango wa kaunti wa kupeleka vijana Finland na Kanada, na pesa hazikufika vyuoni. Kuna watu waliuza shamba. Kuna vijana walikuwa kule tayari, wakaambiwa walipe ama watoke. Sasa hata kuomba nafasi ya chuo tu, Finland wanataka euro 100, na kibali cha mwanafunzi unaonyesha euro 800 za kila mwezi, mwaka mzima ni 9,600. Ilikuwa 560 mpaka Oktoba 2024. Mtoto wa mkulima wa mahindi atazitoa wapi?

Bwana Hesabu
Hilo la Uasin Gishu ni la kaunti. Finland imekosa nini hapo?

Kijana wa Eldoret
Nimesema Finland imekosa? Soma tena, ndugu. Nimesema mlango umekuwa mwembamba, na mlango ukiwa mwembamba madalali ndio hunona.

Mtoto wa Uvira
Jambo kwa bote. Miye niko Oulu. Tulifika 2016 toka kambini, baba, mama na watoto sita. Hapa mnasema ada, ada, lakini kuna kitu hamjasema. Masomo ya Kifini ama Kiswidi hayana ada, hata kwa mtu wa nje. Ada iko kwa masomo ya Kiingereza. Dada yangu mdogo amefaidi ile sheria ya 2021 ya kusoma kwa lazima mpaka miaka 18, hata vitabu vya sekondari walimupa bure. Mama yangu alifika na miaka 47, hakuwahi kushika kalamu. Yeye ndiye anahitaji darasa la watu wazima, na darasa ndilo wanapunguza.

Bwana Hesabu
Umeona? Basi tatizo ni lugha. Mtu ajifunze Kifini asome bure. Wengi tunataka Kiingereza kwa sababu ni rahisi kwetu.

Msafiri wa Vantaa
Kifini anajifunzia wapi? Tangu Januari 2025 huduma za ajira, ambazo ndizo humpeleka mgeni kwenye kozi ya lugha, zimehamia manispaa, na kila manispaa inapanga kwa mfuko wake. Unasema ajifunze, na vituo vya kujifunzia navyo vinakosa fedha.

Mama Neema, Espoo
Mimi Kifini ninacho, kwa hiyo hilo la lugha lisinijibu. Nilitaka kuwa sairaanhoitaja, muuguzi kamili. Chuo ni miaka mitatu na nusu, kwa Kifini, bila ada. Nikapiga hesabu: kodi ya nyumba, watoto wawili, na pesa ya mama yangu Mbezi kila mwezi. Bila mshahara siwezi, ila kwa ile posho ningeweza. Nilianza kazi 2017, miaka 8 ingetimia 2025. Posho ilifutwa Agosti 2024. Ndiyo hiyo takwimu yako, Bwana Hesabu. Wanasema walioichukua walikuwa wamekwisha kusoma. Sawa, sehemu kubwa walikuwa wanawake wa hospitali na shule, na sisi wa ngazi ya chini tulikuwa bado tunahesabu miaka.

Bwana Hesabu
Hapo dada nakusikia. Lakini sera haiwezi kuandikwa kwa ajili ya mtu mmoja.

Kijana wa Eldoret
Mtu mmoja? Uliza zamu yake nzima.

Mwalimu Mstaafu, Tanga
Nilifundisha miaka 34. Mtu mzima aliyerudi darasani hakuwahi kunichelewesha hata siku moja, maana anajua alichokiacha nyumbani. Na turudi kwenye lile neno letu: kuogesha nalo lipo na ni sahihi, ila sisi kwetu kukogesha ndiko tulikokulia.

Mtoto wa Uvira
Na sisi tunasema kunawisha, lakini hiyo ni mikono na uso.

Msafiri wa Vantaa
Jamani, swali langu lilikuwa la bajeti. Kijana, ule utaratibu wa kibali cha mwanafunzi nao tuufungulie mjadala wake. Hapa nataka mtu anayeunga mkono makato aniambie: muuguzi msaidizi akikwama palepale miaka 20, hospitali za Finland zitapata wapi wauguzi kamili?

Bwana Hesabu
Watapatikana. Hata sasa wapo wasio na kazi, mikoa inayoendesha hospitali inapunguza wafanyakazi.

Msafiri wa Vantaa
Wanapunguza kwa sababu ya fedha. Wagonjwa hawajapungua.

Mama Neema, Espoo
Naingia zamu, nawaacha. Mwalimu, kesho nijibu moja, nauliza kwa moyo. Bibi wa chumba changu cha mwisho amekuwa akififia toka Jumapili. Akifariki alfajiri, nikamfuta uso na kumchana nywele kabla wanawe hawajafika, hapo nitakuwa nimekogesha au nimeosha?