Mabeki watatu sasa basi! Kocha arudishe wanne au afunge virago kabla ya dirisha dogo

Wakuu,

Jina la timu silitaji, wenye nayo tunajuana. Hatufungwi kwa sababu ya marefa, wala kamati, wala vitu vinavyosemwa vimefukiwa golini. Tunafungwa goli lile lile kila wiki, na linazaliwa na huu mfumo wa 3-5-2 (mabeki watatu, viungo watano, mastraika wawili) ambao kocha ameukumbatia kama hati ya kiwanja.

Litazameni goli lenyewe. Wingibeki wetu wa kulia, yule wa pembeni anayetakiwa kushambulia na kukaba, anapanda mpaka usawa wa boksi la mpinzani. Krosi inazuiwa, mpira umepotea. Nyuma yake kuna mita 40 za nyasi bila mtu. Beki wa kati wa upande ule analazimika kutoka na kumfuata winga hadi kwenye chaki, kwa hiyo katikati wanabaki wawili wakiangaliana na straika pamoja na namba 10 (kiungo mshambuliaji) anayekuja mbio. Wingibeki wa kushoto alitakiwa aingie ndani kufunga nguzo ya mbali, lakini naye alikuwa amepanda. Anafika mpira uko wavuni. Wapinzani wameshatusoma. Siku hizi hawahangaiki kupita katikati: wanavuta mchezo upande mmoja, pasi tatu nne, halafu mpira mmoja mrefu wa kukata uwanja kwenda upande wa pili. Basi.

Na mpira huo wa kukata uwanja ni mbaya zaidi huku kwetu kuliko Dar. Mbeya tupo mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani. Mpira mrefu haukabwi sana na hewa, kwa hiyo unafika mapema na unapinda kidogo. Yule wingibeki aliyehesabu kwamba atawahi kurudi, hesabu yake ni ya pwani. Ndiyo maana pia kona zetu za kupinda ndani zinapita juu ya kila kichwa na kutoka upande wa pili, mpigaji anatukanwa wakati hakuna aliyemwambia apunguze nguvu. Tukishuka Dar mambo yanageuka: mipira ile ile inaanguka mita kadhaa kabla ya mlengwa. Dawa yake wala haihitaji mfadhili. Wahini Dar siku mbili kabla ya mechi, mpigaji apige kona 40 na mipira mirefu 30 kwa mpira wa mechi, na pimeni upepo wa mpira wenyewe. Sheria inaruhusu kuanzia 0.6 hadi 1.1 ya atmosfia. Mpira uliojazwa hapa ukiteremka nao pwani unalegea, kwa sababu mgandamizo wa hewa ya nje umeongezeka. Kipimo cha upepo ni kitu cha kuingia mfukoni, sasa sijui kinashindikana nini.

Niende kwenye kuanzisha mpira nyuma. Tangu sheria ibadilishwe 2019, goli kiki haina haja ya kutoka nje ya boksi ndipo ichezwe, kwa hiyo kocha anataka kipa ampe beki wa kati pale pale mita chache kutoka golini. Sawa, kwenye uwanja laini kama zulia inapendeza. Kuanzia Novemba mpaka Aprili kiwanja chetu ni uji. Pasi ya kwanza inafika, ya pili inasimama kwenye tope, ya tatu ni ya mpinzani akiwa uso kwa uso na kipa. Siku ya mvua butua! Lakini kubutua nako kuna utaratibu: mpira ulengwe upande mmoja unaojulikana, namba 9 (straika) apande hewani, namba 8 (kiungo wa kati) na namba 10 wawe mita 10 tu kutoka kwake kusubiri mpira wa pili, na mabeki wasogee juu mara kipa anapoupiga. Sisi tunabutua mabeki wakiwa wamebaki kwenye boksi, viungo wako katikati ya uwanja, kati yao kuna shamba la mahindi. Mpira wa pili unachukuliwa na wageni kila mara, halafu tunasema straika hafai.

Kona za kukaba ndiyo msiba mwingine. Wanakaba nafasi wote, watano wamejipanga kwenye mstari wa mita tano na nusu wamesimama kama nguzo za TANESCO, huku mrukaji wa wapinzani anakuja na mbio za mita nane. Aliyesimama hawezi kumshinda anayekuja na mbio, hata awe mrefu vipi. Changanyeni: watatu wakabe nafasi (nguzo ya karibu, katikati, na nyuma kidogo ya katikati), watano wakabe mtu kwa mtu na kumkata mbio zake, mmoja ukingoni mwa boksi, mmoja aachwe mbele. Huyo wa mbele peke yake anawalazimisha wapinzani kubakiza wawili nyuma. Sasa hivi hatuachi mtu, wanatujia wote mpaka beki wao wa mwisho.

Halafu sub. Kanuni inatoa wachezaji watano ila kwa kusimamisha mchezo mara tatu tu, mapumziko hayahesabiwi. Kocha anaingiza mmoja dakika ya 58, mmoja ya 66, mmoja ya 73. Nafasi tatu zimeisha, wawili wamebaki benchi wanakula baridi, na beki akivuta msuli dakika ya 80 tunamaliza kumi. Mapumziko ni bure, kwa nini hayatumii?

Kinachoniuma kuliko vyote: mwinuko huu ungekuwa silaha yetu. Timu ya pwani inafika siku moja kabla ya mechi, na mwili unataka wiki mbili hivi kuzoea hewa ya huku. Kuanzia dakika ya 65 wageni wanashika viuno. Hapo ndipo pa kuingiza winga wawili wapya na kukaba juu kwa nguvu. Yeye ndipo anapoongeza beki wa nne wa kati kulinda sare. Mwe!

Msimamo wangu: arudishe mabeki wanne, 4-4-2 au 4-2-3-1, mechi ijayo. Akikataa, aondoke sasa, asisubiri Januari. Dirisha dogo ndilo la usajili wa katikati ya msimu, na kocha mpya akiletwa baada ya usajili anarithi mawingibeki ambao hawahitaji. Ligi Kuu ina timu 16, mechi 30, wa 15 na wa 16 wanashuka moja kwa moja, wa 13 na wa 14 wanakwenda mtoano wa kugombea kubaki. Mtoano usiudharau: Mbeya City walishuka mwaka 2023 kupitia mlango huo huo, walipotolewa na Mashujaa.

Nawasilisha. Karibuni kwa matusi.

Jibu la 1

Mkuu umechambua, ila umemuonea kocha kwenye mfumo. Mabeki watatu si kosa. Kosa ni kwamba beki wa kati wa kushoto anatumia mguu wa kulia. Akipokea mpira lazima augeuze ndani, sekunde moja imekwenda, presha imefika, anarudisha kwa kipa. Huyo angekuwa wa mguu wa kushoto, wingibeki asingelazimika kupanda mapema hivyo ili apewe njia. Mlaumu aliyesajili. Na namba 6 (kiungo mkabaji) yuko peke yake wakati namba 8 wote wawili wanakimbilia boksi. Mmoja akibaki, lile pengo nyuma ya wingibeki linazibwa bila kugusa mfumo.

Halafu hili la kufukuza mnaliongea kama kubadili soksi. Kocha akiwa wa kutoka nje na mkataba ukavunjwa bila sababu ya kisheria, anakwenda FIFA. Hukumu ikitoka klabu ina siku 45 za kulipa, isipolipa inafungiwa usajili hadi madirisha matatu. Hilo dirisha dogo unalolisubiri utalitazama kwenye simu.

Jibu la 2

Kaka wa Jibu la 1, namba 8 akibaki, nani anaingia boksi? Tuna straika wawili ambao wote wanapenda kurudi kuupokea mpira. Shida ya 3-5-2 yetu iko hapo hapo: mbele wawili, ndani ya boksi sifuri.

Na msiniambie timu za huku hazina uwezo. Tukuyu Stars walibeba ubingwa 1986. Mbeya City walipanda na msimu wao wa kwanza, 2013/14, wakamaliza wa tatu chini ya Juma Mwambusi. Hawakuwa na fedha za Kariakoo, yaani za Simba na Yanga.

Mleta uzi

Jibu la 1, kwenye mguu wa kushoto nakubali, sikuliona. Lakini umenipa hoja mwenyewe: kama beki huyo hatuna, mfumo unaomhitaji unachezwa kwa nini? Fundi hajengi ghorofa kwa nondo alizoahidiwa.

Kuhusu mkataba, viongozi wakae naye wavunje kwa makubaliano, walipe miezi waliyokubaliana kwa maandishi, asaini kwamba hadai kitu. Ni nafuu kuliko kesi. Kumwandikia barua ya "umesimamishwa" bila mshahara ndiko kunakotupeleka FIFA.

Mechi ijayo ya nyumbani nataka hivi: wanne nyuma, namba 2 na namba 3 (mabeki wa pembeni, kulia na kushoto) wapande kwa zamu, mmoja akienda mwingine abaki sambamba na mabeki wa kati. Namba 6 wawili. Yule wingibeki wa kulia asogezwe awe winga kabisa, kukaba hajui na hatajifunza wiki hii. Dakika ya 65 badili wawili kwa mpigo, nafasi moja ya kusimamisha mchezo imetumika, mbili ziko akiba.

Jibu la 3

Mleta uzi kikosi chako kizuri sana. Ila namba 3 wetu pekee ana kadi tatu za njano, mechi ijayo yuko jukwaani na sisi.

Mleta uzi

Dah. Basi namba 5 (beki wa kati) wa akiba aende kushoto na asivuke katikati ya uwanja. Ila watatu nyuma, hapana.