Naomba ushauri: pumu ya ngozi ya mwanangu inarudi kila mara
Habari zenu wapendwa. Mwanangu ana miaka 4, pumu ya ngozi inamtesa tangu ana miezi 7. Viwiko na nyuma ya magoti, usiku anajikuna hadi damu. Krimu ya haidrokotizoni humtuliza wiki mbili, kisha inarudi. Wifi yangu ametuletea vidonge vya homiopathi, Graphites 30C, anataka niache krimu kabisa. Nimesoma kwamba 30C ni kuzimua 1 kwa 100 mara 30, yaani dawa yenyewe haibaki, ndiyo maana nasita. Ila usingizi hatuna jamani. Kuna aliyempa mtoto wake vidonge hivi? Na kliniki ya ngozi ya hospitali ya KCMC Moshi, lazima niende na rufaa?