Malengelenge mikononi na uso kuvimba baada ya kufyeka shamba Mkuranga. Ni upupu au kitu kingine?

Shamba la Mama

Habari zenu wakuu. Nahitaji msaada wa haraka kwa wenye uzoefu na wataalamu wa afya humu.

Tuna shamba Mkuranga, lina mikorosho ya zamani na upande mmoja pori limefunga kabisa. Jumamosi nilikwenda na mdogo wangu wa kiume pamoja na vijana wawili wa pale kijijini kufyeka. Upupu ni mwingi, umepanda mpaka juu ya miti, na maganda yake yameshakauka. Tuliwashwa sote, tukahangaika nao pale pale, jioni kila mtu akawa sawa. Jumapili mchana tukarudi Dar.

Jumatatu asubuhi mdogo wangu kaamka vidole vimevimba, na katikati ya vidole kuna malengelenge madogo madogo yenye maji. Mkono wa kulia, kuanzia kwenye kifundo kupanda kiwiko, yamejipanga mstari kama amechorwa kwa kalamu. Leo Jumanne uso umevimba, jicho la kushoto linafunguka kwa shida, na kaniambia kwa aibu kuwa hata sehemu za siri zimevimba na zinawasha. Sisi wengine hatuna kitu. Hana homa, anakula, anapumua vizuri, ila usiku halali.

Jirani anasema upupu umeingia kwenye damu. Mwingine katuletea ndimu. Duka la dawa wametupa piritoni na tyubu ya krimu, hatujaipaka bado. Ana miaka 24, hana ugonjwa wowote tunaoujua. Tuanzie wapi?

Chausiku T.

Pole sana dada, mpe pole na mgonjwa. Upupu dawa yake majivu ya jikoni, anapakwa makavu bila kusugua halafu anakung'utwa. Maji asiguse kwanza, maji yanausambaza. Sisi tumekua hivyo.

Kijana wa Temeke

Ndimu na chumvi. Akate ndimu, asugue mpaka iwake, kisha akae juani pakauke. Mimi fangasi zangu ziliisha hivyo.

Tabibu Mstaafu

Dada, kabla ya chochote, hiyo ndimu iwekeni mezani muilie wali. Msimpake, na hasa msimweke juani. Maji ya ndimu yana kemikali ambayo ikikutana na jua kali juu ya ngozi inaunguza. Siku hiyo hiyo hatasikia kitu, kesho yake au keshokutwa ngozi inakuwa nyekundu, inatoa malengelenge mengine, na likishapona linabaki doa jeusi la miezi. Nimewaona wauza juisi na wapishi wa sherehe wakija na michirizi ya namna hiyo mikononi bila kujua imetoka wapi. Kwa ngozi ambayo tayari imechubuka ni kumwongezea mateso bure.

Sasa naomba unijibu mambo mawili. Kwanza, tyubu mliyopewa imeandikwa nini? Soma herufi ndogo chini ya jina. Pili, ukiacha upupu, alishika nini kingine Jumamosi ile ambacho ninyi hamkushika?

Mtu wa Kusini

Naunga mkono swali la Tabibu. Huu si upupu, dada yangu. Nimezaliwa Masasi, upupu naujua. Upupu haukusubiri uende Dar ulale uamke. Vile vinyweleo vya kwenye ganda vikigusa ngozi unaruka hapo hapo, unawaka na kuwasha kwa saa kadhaa, kisha unakwisha. Mnaonekana mlishamalizana nao Jumamosi jioni. Kitu kinachokuja siku ya pili, kikatoa malengelenge ya maji na kuvimbisha macho, kwetu tunakijua. Mlichoma korosho?

Neema wa Mbezi

Isije ikawa ni kale kadudu kekundu na keusi kanakotokea msimu wa mvua, Wakenya wanakaita Nairobi fly. Ukikaponda juu ya ngozi nako kanaacha mstari.

Mtu wa Kusini

Wazo zuri Neema, mstari unafanana. Lakini kale kadudu kanaunguza zaidi ya kuwasha, na kanaacha alama pale kalipopondwa, shingoni au usoni. Katikati ya vidole vyote vya mikono miwili kafikeje?

Shamba la Mama

Nimetetemeka kusoma swali lako, Mtu wa Kusini. Ndiyo, Jumamosi jioni tulichoma. Mdogo wangu aliziokota chini ya mti, akaziweka juu ya bati kuukuu, akawasha moto. Mafuta yalikuwa yanatoka kwenye maganda na kulipuka, moshi mweusi. Yeye ndiye aliyekuwa anazigeuza kwa kijiti na kuzibangua kwa jiwe. Sisi tulikula tu zikiwa tayari. Vidole vyake vilikuwa vyeusi mpaka Jumapili, alikuwa anajifuta kwenye suruali.

Tabibu, tyubu imeandikwa clobetasol.

Mtu wa Kusini

Basi umeshapata jibu, sasa Tabibu atakueleza dawa. Mimi nikueleze hilo ganda.

Ganda la korosho lina tabaka mbili, na katikati yake kuna mafuta mazito ya rangi ya kahawia ambayo moto ukiyashika yanakuwa meusi kama lami. Hayo ndiyo yanayounguza. Korosho yenyewe ya ndani haina shida, tatizo ni njia ya kuifikia. Akina mama wanaobangua kwa mikono kule kwetu hawagusi ganda kwa mkono mtupu. Wanapaka mafuta ya kupikia au ya nyonyo, wengine wanajipaka majivu, na kila baada ya muda wanarudia. Hata hivyo utamkuta mama kachubuka ncha za vidole, ngozi imebanduka, weusi hautoki hata akisugua. Inaniuma sana ninapoona watu wanaisifia korosho ya Mtwara na Lindi mezani bila kujua mikono ya aliyeibangua ikoje. Glovu nzuri ingesaidia, lakini glovu nzito inamzuia kushika kitu kidogo kama kile, naye analipwa kwa kilo.

Na moshi wake usidharauliwe. Korosho haichomwi ndani ya nyumba wala hukai upande upepo unakoelekea. Uso wa mdogo wako yawezekana ni moshi, yawezekana ni mikono yake mwenyewe.

Tabibu Mstaafu

Sawa kabisa. Na hilo la sehemu za siri lisimtie aibu. Alikwenda kujisaidia akiwa na mafuta vidoleni, basi. Mwambie hivyo, maana vijana wengi wanadhani wamepata gonjwa la zinaa wanaficha.

Kinachotokea ni mzio. Mafuta yanapenya kwenye ngozi, na kinga ya mwili inayachukulia kama adui. Mtu aliyewahi kuyashika zamani, hata utotoni, mwili wake unaweza kuwa umeshayakariri, kwa hiyo safari hii anaumuka baada ya siku moja au mbili. Wewe uliyekula tu hukuyagusa mafuta, ndiyo maana hukupata kitu.

Maji ya malengelenge hayaambukizi. Hayampi mtoto, hayampi mke, wala hayasambazi ugonjwa mwilini mwake. Yakionekana kuongezeka kila siku ni kwa sababu ngozi nyembamba inaitikia mapema na ngozi nene kama ya kiganja inachelewa, au kwa sababu mafuta bado yapo kwenye nguo na kucha anajigusa upya. Kwa hiyo leo hii: kucha zikatwe fupi zisafishwe, na ile suruali aliyojifutia ifuliwe peke yake kwa sabuni na maji ya moto, anayefua avae glovu. Viatu na mpini wa panga navyo vioshwe.

Kuhusu tyubu. Clobetasol ni steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na mzio, na nguvu yake ni kubwa mno. Kwenye viganja na vidole inaweza kutumika kwa siku chache akielekezwa. Usoni na sehemu za siri HAPANA. Ngozi ya huko ni nyembamba, inaharibika na madhara mengine hayarudi nyuma. Nasikitika kwamba dawa hii inauzwa kama karanga, watu wanajipaka kuwashwa, chunusi, hata kujichubua, na wakiiacha uso unawaka kuliko mwanzo.

Piritoni itamsaidia kusinzia usiku, haitaondoa ugonjwa. Msimpake krimu ya antihistamini, yaani ya jamii ya piritoni, wala dawa ya meno wala mafuta ya taa. Kitambaa safi kilicholowekwa kwenye maji baridi, akiweka kwa robo saa kisha akitoa, mara kadhaa kwa siku, kinatuliza kuliko watu wanavyoamini. Losheni ya kalamini nayo nzuri, isipokuwa karibu na macho. Malengelenge asiyapasue. Yakipasuka yenyewe aoshe taratibu na sabuni, afunike kwa bandeji safi.

Lakini mgonjwa wako ameshavuka hatua ya kutibiwa nyumbani. Uso umevimba mpaka jicho linafunga, na sehemu za siri zimeguswa. Nendeni kituo cha afya leo. Daktari huenda akampa steroidi ya vidonge, ndiyo inayofanya kazi kwa hali kama hii. Mumweleze kama ana kisukari, presha au vidonda vya tumbo kwenye ukoo na kwake mwenyewe. Na akibadilika, akapumua kwa shida, sauti ikakwaruza, homa ikapanda au malengelenge yakatoa usaha wa njano, hapo msingoje foleni ya asubuhi.

Mbeba Mashine, Pennsylvania

Nimeusoma uzi huu kwa makini kwa sababu kazi yangu huku Marekani ni kukata nyasi na kusafisha bustani za watu. Kuna mmea unaitwa poison ivy, una vijani vitatu vitatu kwenye kikonyo kimoja, unatambaa chini na kupanda kwenye miti. Mafuta yake ni ndugu na haya ya ganda la korosho. Mkorosho, mwembe na huo mmea ni ukoo mmoja.

Tuliyofundishwa kazini yatawafaa huko. Ukigusa, una kama dakika 10 za kuokoa ngozi. Maji mengi yanayotiririka na sabuni ya kuoshea vyombo, ile inayokata mafuta, bila kusugua kwa nguvu. Ukichelewa bado uoshe, angalau usijipake sehemu nyingine. Mafuta yanakaa kwenye mashine, kwenye kamba za viatu, hata kwenye manyoya ya mbwa, na yanakaa muda mrefu sana. Na mmea hauchomwi moto kamwe, watu wanalazwa mapafu yakiwa yameumia kwa moshi.

La mwisho kwa dada. Mwenzangu kazini alipewa vidonge vya siku tano, akapona, akamaliza dawa, malengelenge yakarudi yote. Daktari wa pili akamwambia dozi ilikuwa fupi, ikatakiwa ishushwe polepole kwa wiki mbili au zaidi. Kwa hiyo akipewa, amalize kama alivyoandikiwa, asiache kwa sababu uso umeshuka.

Kijana wa Temeke

Tabibu nimekuelewa kuhusu ndimu. Mama yangu nilimwambia atumie kwenye upele wake, nampigia sasa hivi.

Mama Singida

Naomba niulize hapo hapo. Kwetu tumezungushia ua wa minyaa, na mwanangu utomvu umemrukia jichoni wakati wa kukata. Nimemwosha jicho bado linauma.

Tabibu Mstaafu

Mama, endelea kuosha kwa maji safi yanayotiririka, si chini ya robo saa nyingine, kope zikiwa zimefunguliwa, kisha moja kwa moja hospitali yenye kitengo cha macho. Utomvu wa mnyaa unaunguza kioo cha jicho na maumivu huongezeka baada ya saa kadhaa. Usitie maziwa, usitie dawa ya matone iliyobaki nyumbani. Nenda sasa.

Shamba la Mama

Nimerudi na mrejesho. Tulikwenda kituo cha afya jioni ile ile. Daktari alimuuliza hasa kuhusu mimea, nikamsomea hapa hapa kwenye simu, akakubaliana nanyi. Amempa vidonge vya prednisolone vya kushuka kidogo kidogo na krimu nyepesi ya hydrocortisone kwa uso, ile clobetasol kaiweka pembeni. Leo jicho limefunguka, amelala usiku mzima. Vidole bado, kaambiwa itachukua wiki mbili mpaka tatu. Mungu awabariki sana.

Nina mawili yaliyobaki. Maembe yanaanza, anaweza kula? Na ule upupu shambani tutauondoaje?

Tabibu Mstaafu

Nashukuru Mungu. Embe ale, ila kwa sasa mwingine amenyee na kukata. Sumu ya aina ile iko kwenye ganda na utomvu wa kikonyo, nyama ya ndani haina tabu. Asimenye kwa meno, maana wenye mzio huu ndio wanaovimba midomo msimu wa maembe.

Mtu wa Kusini

Upupu ungeufyeka ukiwa bado mbichi, maganda hayajakauka. Kwa sasa subirini mvua inyeshe au mwingie alfajiri kukiwa na umande, vinyweleo vikilowa haviruki. Siku ya upepo msiende. Nguo za mikono mirefu, kitambaa usoni, na mtu asikae chini ya mti wenye maganda wakati mwenzake anavuta upupu. Vikishika ngozi msisugue. Bandika selotepu uibandue, au paka tope zito likauke ulitoe na vinyweleo vyake, ndipo uoge. Majivu ya Chausiku nayo yanasaidia. Piritoni kwa upupu haifanyi kitu kikubwa, muwasho wake si wa njia ile.

Mizizi ing'oeni kabla mbegu hazijamwagika. Kuna aina ya upupu isiyowasha, wakulima wanaipanda kurutubisha udongo, ila hiyo yenu ya porini siyo.

Na lile bati mlilochomea korosho, kama bado lipo shambani, lifukieni mbali na kisima. Mtoto wa watu akiliokota kuchezea, mafuta bado yamo.